Freni ya Gari Katika Parsele Zetu: Kazi ya Watu wa Nyumba, Butembo na Beni

Mtu akisikia neno mila, akili yake inakimbia moja kwa moja kwenye ngoma, kwenye mahari, kwenye kasiksi ya ndizi na kwenye majina tunayowapa watoto wetu. Mambo hayo yana haki yake, na wenzetu wameyaandika vizuri kuliko sisi. Sisi tulipoulizwa tungeandika juu ya nini, tulijibu: juu ya freni. Watu wakacheka. Mzee mmoja akatuambia kwamba freni ni kitu cha Wazungu, haina kabila. Tulimheshimu, tukanyamaza, lakini hatukukubali. Kazi ambayo baba anaifanya na watoto wake katika parsele, kila mtu na nafasi yake, na maneno yake yenyewe, na makatazo yake, na ambayo mtoto anaikuta kesho akiwa baba, hiyo tutaiita namna gani?

Tuanze na inchi yenyewe. Butembo iko juu, karibu mita 1.700 juu ya bahari. Beni iko chini zaidi, inakaribia mita 1.100. Katikati kuko kilometa 54 tu, lakini kilometa hizo zinapanda na kushuka, zinapita Butuhe, Maboya, Kabasha, na mwenye gari nzito anazijua kwa mguu wake wa kuume. Upande wa kusini ni zaidi: Lubero, Kirumba, Kanyabayonga, halafu ile Kabasha ingine, mtelemko wa kuangukia bonde la Rwindi. (Wageni wanachanganyaka hizi Kabasha mbili. Ile ya njia ya Beni ni kijiji. Ile ya Rwindi ni ukuta.) Inchi ya namna hii inafundisha watu kusimamisha kitu mbele ya kuwafundisha kukikimbiza.

Ndiyo maana hatuwezi kuongea juu ya freni ya gari bila kuanza na chukudu. Vijana wa leo wanaiona kama kitu cha zamani sana, lakini wengi wanasema ilienea katika Kivu ya Kaskazini kwenye miaka ya 1970, wakati wa Zaire, magari yalipopunguka na mizigo haikupunguka. Kule Goma wameijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu. Chukudu ilichongwa nyumbani, kwa panga na tezo, mti mgumu kwa magurudumu, mkaratusi kwa mwili. Gurudumu lilivikwa kipande cha pine ya gari ili lisipasuke juu ya mawe. Na freni? Freni ilikuwa kipande kingine cha pine kilichotundikwa mbele ya gurudumu la nyuma, ambacho mwenye chukudu alikikanyaga wakati wa kushuka, na wale ambao hawakuwa nacho walisimamisha kwa sandale yao wenyewe. Kijana anayeshuka na mamia ya kilo za makala au viazi, na mguu wake mmoja juu ya kipande cha mpira, huyo anajua freni ni nini: ni kitu kinachokubali kuisha ili wewe usiishe. Sandale ziliisha kweli. Mama zetu walilalamika juu ya sandale kuliko juu ya kitu kingine.

Sasa tusikilize habari ya mbali kidogo. Mwaka 1897, katika Uingereza, mtu mmoja jina lake Herbert Frood aliwaangalia wakulima wakishusha mikokoteni ya farasi katika vilima vya Derbyshire. Ili kuizuia, walikuwa wamepigilia kiatu kikuukuu kwenye kipande cha mti kinachosugua gurudumu. Frood akarudi nyumbani kwake, akaanza kujaribu vitu vya kusugua vinavyodumu kuliko kiatu. Kampuni yake aliiita Ferodo, na jina hilo limetoka katika kupanga upya herufi za jina lake, pamoja na e moja waliyoiongeza kwa ajili ya mke wake Elizabeth. Basi, fundi wa Butembo anaposema «ferodo imeisha», anataja bila kujua jina la mtu aliyefikiri sawasawa na kijana wa chukudu. Tunapowaeleza wanafunzi wetu habari hii, hawatuamini. Tunawaambia waende kuangalia kamusi ya Kifaransa, wataona neno limeandikwa kwa herufi ndogo, kama vile meza au kiti.

Magari yenyewe yalikuja kwetu na wenye mali wa wakati wa ukoloni: kampuni ya madini Minière des Grands Lacs, ambayo ilikuwa Butembo toka mwisho wa miaka ya 1920, misioni, na wenye mashamba ya kahawa. Kutengeneza gari kulikuwa ndani ya garaji, na garaji ilikuwa ya bwana. Mtu wetu alianza kwa kushika taa, halafu kupasa kle, halafu siku moja bwana akiwa mugonjwa anaachiwa kazi yote. Elimu hiyo haikuandikwa. Baada ya uhuru, na zaidi baada ya tarehe 30 Novemba 1973, wakati Mobutu alipotangaza zaïrianisation na mali ya wageni ikagawanywa, garaji nyingi katika inchi zilibadilisha mikono, na nyingi zilikufa. Fundi alirudi kwake na akili yake na kle chache. Hapo kazi ikaingia katika parsele.

Kulikuwa na sababu ingine ambayo wanahistoria hawaiandiki sana. Wafanyabiashara wa kwetu walikuwa wanapeleka maharagi, viazi na mboga za Lubero mpaka Kisangani. Katika miaka ya 1980 njia ile iliharibika kabisa, gari ililala wiki nyingi ndani ya matope. Shofere asiyejua kufungua tamburi alikuwa mzigo kama mzigo mwingine. Vyombo vilitoka Kampala, Nairobi na Mombasa, vikapita Kasindi, na baadaye, toka miaka ya 1990, wenzetu wakafika hata Dubai na Guangzhou. Chombo kilikuwa na bei, basi mtu hakukubali kukiacha mahali ambapo macho yake hayapo. Tuseme ukweli: kulikuwako garaji ambamo ferodo mpya ilionyeshwa mwenyewe asubuhi, na jioni gari ikatoka na ileile ya zamani iliyopigwa msasa. Baba yetu ilimpata mara moja. Tangu siku ile hakuna mtu wa nje aliyefungua gurudumu la gari yake.

Gari yenyewe ilikuwa Land Rover, ile ya Série III, ndefu, na tamburi kwenye magurudumu yote mane. Kazi ilifanywa siku ya posho, na ilikuwa na taratibu kama misa. Kwanza mti. Tulikuwaka tunauita kale, kipande cha mkaratusi kilichokatwa kwa pembe, kile konvoyeri anakiruka nacho nyuma ya gurudumu wakati gari inashindwa kupanda. Kale mbili mbele, kale mbili nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Baba hakukubali kriki iingie mbele ya kale. Sisi tuliona ni ukali wa wazee. Baadaye ndiyo tulielewa: kwenye Land Rover hizo freni ya mkono haikamati magurudumu, inakamata muti wa kuzungusha unaotoka kwenye boite. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo linazunguka bure hewani, na freni ya mkono haizuii tena kitu. Gari inaweza kutembea juu yako polepole, bila kelele. Watu wamekufa hivyo katika parsele zao.

Halafu bulo zililegezwa gari ikiwa bado chini, halafu kriki, halafu gogo la mti chini ya shasi, juu ya kriki si kitu cha kulalia chini yake. Tamburi ilitoka kwa kupigwa nyundo ya mti, tone-tone, pande zote. Ndani tuliona zile mashuari mbili, na risori zake zinazoruka kama nzige. Mdogo wetu mmoja angali na alama ya risori juu ya jicho. Kama ferodo imelowa grisi kutoka kwenye moyo wa gurudumu, baba aliitupa. Majirani walikuwa wanaimwangia esanse na kuichoma moto ili «ikauke», wakairudisha. Inakauka juu, ndani inabaki na mafuta, na siku ya mtelemko mafuta yanatoka.

Ferodo ya wakati ule ilikuwa ya kupigilia. Tulitoboa riveti za zamani, tukaosha chuma, tukapigilia riveti mpya za shaba juu ya kipande cha reli. Unaanza katikati, unaenda pembeni, sababu ukianza pembeni ferodo inabaki na tumbo. Baba alipitisha kidole juu ya kila riveti. Kichwa chake kilipaswa kuzama ndani. Kikisimama juu kinachora tamburi. Kazi ya kidole ilikuwa ya yaya Masika. Wasomaji wa kwetu wanajua: Masika ni binti wa kwanza. Paluku, Kambale na Kasereka walikuwa na nguvu na kelele, lakini kidole cha Masika hakikudanganywa. Tunasema hili juu ya wale wanaosema kwamba gari ni kazi ya wanaume na wanataka tuandike hivyo katika kijitabu hiki.

Tulipofika kwenye kutoa upepo, hapo mtu peke yake hawezi, na hapo ndipo kazi ilikuwa ya familia kweli. Mtoto mmoja juu kwenye pedali. Baba chini na kle ndogo kwenye vizi. Mwingine anashika chupa na kamrija kalichozama katika mafuta ya freni. Mama anaangalia kopo la juu, sababu likikauka upepo unaingia tena na kazi yote ni bure. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi, la nyuma kuume, tukamaliza na la karibu na shofere.

«Kanyaga!»

«Nimekanyaga, Papa.»

«Shikilia. Usiachilie mpaka niseme.»

Vizi inafunguka, pedali inazama, katika chupa mapovu yanapanda. Vizi inafungwa.

«Achilia. Unasikia namna gani?»

«Bado iko laini.»

«Basi kanyaga tena.»

Kuna mtoto gani ambaye baba yake alimuuliza anasikia namna gani, na jibu lake likangojewa na watu wote? Sisi tulikuwa na miaka saba au nane, miguu haifiki vizuri, tunateleza kwenye kiti ili kufika, na gari yote ilitegemea neno letu. Hatukuthubutu kusema uongo ili tuende kucheza. Siku pedali ilipokuwa ngumu kama jiwe, baba alitoka chini, akapima mwenyewe mara kumi, akatikisa kichwa, na mama akaenda kuangalia sombe.

Mafuta ya freni yenyewe yalikuwa ndani ya makopo yaliyoandikwa Lockheed. Lina asili yake pia: Malcolm Loughead, Mmarekani, mmoja wa ndugu waliotengeneza ndege, alipata hati ya freni ya kusukumwa kwa maji maji mwaka 1917. Mama aliyachukia makopo hayo. Mafuta yale yanakula rangi ya gari, na ni sumu kwa mtoto akinywa. Hakukubali kikombe chochote kilichoyagusa kirudi jikoni, hata kikioshwa mara ngapi.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo nyumbani halikusemwa kwa miaka mingi. Oktoba 1993 serikali ilibadilisha feza: zaïre mpya moja kwa 3.000.000 za zamani. Watu wakalala na feza, wakaamka na karatasi. Bidhaa za kutoka nje zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kopo la mafuta ya freni lilikuwa moja ya hizo. Baba mudogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha gari siku za juma, alifanya kama mashofere wengi wa wakati ule: alijaza maji ya sabuni. Tusimcheke. Sabuni inateleza, haiozeshi mipira haraka, na pedali inakuwa ngumu sawasawa. Alikanyaga mara kumi, kama alivyofundishwa. Parsele yote ilishuhudia kwamba freni ni nzuri.

Ilikuwa nzuri mpaka kwenye mitelemko ya kuelekea Beni. Kwa nini? Hili tunalifundisha kila mwaka katika fizikia, na kila mwaka tunamfikiria baba mudogo. Freni inasimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Joto linaingia katika tamburi, katika ferodo, linafika kwenye silindiri ndogo. Mafuta ya freni ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki mbele ya digri 205. Yakikaa miaka yananyonya maji ya hewani, na hapo yanaweza kuchemka kwenye 140. Maji yenyewe, kwenye urefu wa milima yetu, yanachemka hata mbele ya 100, karibu 94 au 95. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unakubali kubanwa kama upepo. Pedali inazama mpaka chini, na hakuna kitu.

Alikuwa na magunia ya maharagi na yaya Kambale nyuma, na kale mkononi. Alipunguza kwa vitesi, ya tatu, ya pili, motere ikalia. Freni ya mkono ilishika kidogo, ikatoa moshi, ikaisha. Kambale aliruka akatupa kale, gari ikaipanda. Baba mudogo akachagua ukingo wa mlima badala ya bonde. Hakuna mtu aliyekufa. Kambale alivunjika mkono, na maharagi yalimwagika mpaka wamama wa kijiji wakasaidia kuokota, na wengine wakajisaidia. Gari ilirudishwa Butembo kwa kukokotwa. Baba hakumpiga mdogo wake, hakumtukana. Alikaa chini mbele ya gurudumu, akafungua vizi, akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akatema. Toka pale, kopo la juu lilifunguliwa na mama tu.

Tumeeleza jambo hili kwa urefu sababu tunasikia watu wakisifu kujitengenezea kana kwamba kujua kufungua ni kujua kufunga. Wakati wa taabu ulitufundisha werevu, na werevu ule ulileta mkate. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo ya kuacha. Moja ni sabuni. Lingine ni vumbi, na hilo ni baya zaidi maana halina kelele.

Ferodo za zamani zilitengenezwa na amiante, asbesto. Ukifungua tamburi unakuta unga mweusi wa kijivu. Sisi watoto tulipewa kazi ya kuupuliza kwa mdomo. Ulikuwa mchezo wetu: nani atapuliza wingu kubwa. Tulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mama alikung'uta ovaroli ya baba mlangoni mbele ya kuifua. Leo inajulikana wazi kwamba nyuzi za amiante zikiingia ndani ya pafu hazitoki, na ugonjwa wake, pamoja na kansa, unaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30, hata 40. Wake wa wafanyakazi waliugua kwa kufua nguo tu. Umoja wa Ulaya uliikataza kabisa toka mwaka 2005. Lakini ferodo inayouzwa kwetu sokoni bila karatasi, nani anajua ndani yake mna nini? Basi tufanye kama ni yenyewe: tusipulize, tusifagie ikiwa kavu. Tuiloweshe kwa maji ya sabuni (hapa ndipo sabuni ina kazi yake), tupanguse kwa kitambaa cha kutupa, na watoto wasimame mbali mpaka wakati wa pedali. Hesabu ya miaka 40 kwa sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijaisha.

Mambo ya leo mnayaona wenyewe. Toka miaka ya 2000 moto zimejaa, na freni ya moto kijana anaibadilisha barazani kwa dakika chache. Magari ya sasa yana diski mbele, plakete zinaingia bila riveti. Kidole cha Masika kingekosa kazi. Lakini sababu za kufanya kazi nyumbani hazikupunguka. Toka Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, kusimama njiani si shida ya gari tena. Upande wa Mbau na Eringeti, au njia ya Kasindi, watu wanatembea kwa msafara, na gari inayokufa pembeni inaachwa. Mtu anayefungua magurudumu yake siku mbili mbele ya safari hafanyi kwa ajili ya kuokoa feza. Na lami nayo: mwaka 2021 kazi za barabara na Uganda zilianzishwa, kilometa 223 kwa jumla, ndani yake Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Kila mtu anaitaka lami, na sisi pia. Lakini matope yalikuwa yanatufanyia kazi ya freni bila kutuuliza. Gari inayoshuka kwa 80 mahali iliposhuka kwa 20 inabeba nguvu mara kumi na sita, na joto lote hilo linatafuta mahali pa kwenda.

Posho iliyopita tulikuwa Beni, kwa mkwe wetu, katika komini ya Bungulu. Ana Toyota ya mkono wa pili, volani kuume, iliyopitia Mombasa. Alikuwa amelala chini yake, kale nne mahali pake, na binti yake wa miaka tisa juu ya kiti. Tulisimama pembeni na kikombe cha kahawa, hatukusema kitu.

«Kanyaga. Unasikia namna gani?»

Binti alifikiri kwanza.

«Papa, gurudumu hili bado. Rudilia.»

Akarudilia.